Mikese Sitini na Nne

Tuliisikia kwanza. Ilianza mbali, kama mtu anayeburuta gunia la mahindi kwenye sakafu ya jirani, kisha ikaja, ikaja, mpaka ikawa juu ya vichwa vyetu. Ukungu ulikuwa umekifunika kijiji chote cha Towelo, huku mlimani juu ya Morogoro, asubuhi ile. Hata mpera wa uani ulionekana nusu.

Bibi Chausiku aliacha kupepeta mchele, akainua uso.

"Iko wapi?"

"Juu ya ukungu, Bibi."

Tukangoja. Upepo ulipofungua kipande cha anga, wote wawili tulitazama pale sauti ilipokuwa, na pale hapakuwa na kitu. Ndege yenyewe ilikuwa kwingine kabisa. Ilikuwa imeshafika upande wa kilele cha Lupanga, ndogo kama punje ya mchele, inang'aa, na sauti inaikimbilia kwa nyuma.

"Umeona, mume wangu?" Bibi alisema. Sisi wajukuu wa kiume wote ni waume zake, na mimi ndiye mume aliyekaa karibu siku ile. "Imeiacha sauti yake mwenyewe. Kitu kinachoacha sauti yake nyuma, mimi kitaniacha wapi?"

Akarudi kwenye ungo wake. Nikajua kazi niliyoipandia mlima imeanza vibaya.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mama mdogo Asia, mtoto wa mwisho wa Bibi, amejifungua binti huko Toronto, Kanada. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na jina la ukoo hutamkwa na bibi mzaa mama, mtoto akiwa mapajani mwake, kabla arobaini haijapita. Halitamkwi kwa simu. Mama mdogo aliwahi kuuliza kama inawezekana kwa simu ya picha, Bibi akamjibu, "Na mapaja yangu nayo yatapita kwenye hiyo simu?" Basi mtoto alikuwa hana jina. Walikuwa wanamwita Mgeni. Arobaini ilikuwa wiki ijayo, na mama mdogo hataki kusikia jina jingine lolote.

Mwanzoni Bibi alikubali. Alikwenda Dar es Salaam na dada yangu Zuhura, akapiga picha, akaweka vidole kwenye mashine, wakarudi. Wakati wa kurudi, basi liliwashusha abiria Mikese wanunue mahindi ya kuchoma na kujisaidia, kisha likaondoka Bibi akiwa bado chini. Zuhura alikuwa amesinzia. Alizinduka basi limekaribia mjini, kiti cha pembeni hakina mtu. Bibi akaletwa na lori la mkaa, amekaa mbele na dereva, kimya, mdomo ameufunga kama mkoba. Viza ilitoka, lakini tangu siku hiyo Bibi ndiye akakataa kutoka.

Sasa wakala wa tiketi alikuwa anataka jibu kabla ya alasiri. Bibi akikosa kiti safari hii, ndege itakayofuata itaikuta arobaini imepita.

"Niachie mimi," nilimwambia Zuhura tulipokuwa bado mjini, Mafiga. "Ninyi mmekwenda kwake na makaratasi. Mimi nakwenda na maneno."

Na si majivuno. Mimi ni fundi wa kuandika maandishi kwenye vyombo vya moto. Ukiona bajaji Morogoro ina beti mgongoni na beti hiyo ina vina, basi huna haja ya kuuliza ni ya nani. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mizani kwa kugonga vidole kwenye kopo la rangi, na hadi leo hakuna aliyenikamata nimekosea mizani hata moja. Mtu wa namna hiyo atashindwaje na bibi yake mzaa mama?

Tukapanda wote, lakini tulipofika Zuhura akaenda kukaa kwenye jiwe lililo nyuma ya choo, maana hapo ndipo mtandao unaposhika, akawa anaandikiana na mama mdogo. Mimi nikabaki uani na Bibi, na pamoja nasi alikuwepo Bi Mwaisha.

Bi Mwaisha ni jirani yake, na zaidi ya hapo ni mtani wa ukoo wetu. Mtani kwetu ana ruhusa ya kusema lolote, kuchukua kuku wako bila kuomba, na siku ya msiba kukuchekesha huku unalia. Asubuhi ile alikuwa anafunga tenga la karoti na stroberi alipeleke sokoni, lakini kamba hazikuwa zikiisha kukazwa. Alikuwa anasikiliza.

"Mwache asiende," alisema. "Huyu akifia Ulaya, kuku wangu wa msiba nitampata wapi?"

"Si Ulaya, Bi Mwaisha. Kanada."

"Kanada kuna kuku?"

"Wapo."

"Wa kienyeji?"

Nilimgeuzia mgongo. Nikasimama mbele ya Bibi, nikakohoa, nikaweka mkono kifuani.

"Bibi, umeuliza wiki nzima ni mbali kiasi gani, na watu wanakujibu 'mbali, mbali', kama vile mbali ni jina la mji. Mimi nimepima. Nimechukua umbali wa kutoka uwanja wa Dar mpaka uwanja wa Toronto, kama kilomita elfu kumi na mbili na mia nane. Nikaugawa kwa mwendo wa ndege, nikapata kama saa kumi na nne. Unapanda, unalala, unaamka, umefika. Halafu nikaupima kwa kipimo unachokijua mwenyewe. Sikiliza."

Nikaghani, taratibu, sauti ya kutoka tumboni:

*Bibi panda usihofu, anga nayo barabara,*
*Imenyooka ni ndefu, wala haina hasara,*
*Mawingu yake sakafu, la ndege bawa imara,*
*Ni kama Moro na Dari, mara sitini na nne.*

Mistari mitatu ya mwanzo Bibi aliipokea kwa kichwa, akitikisa polepole, na kwenye "mawingu yake sakafu" aliachia tabasamu. Nililiona. Lakini kituo, ule mstari wa mwisho, kilipotua, ungo ulisimama hewani.

"Mara ngapi?"

"Sitini na nne, Bibi."

"Moro na Dar."

"Ndiyo. Ukichukua kilomita za…"

"Mara sitini na nne." Akamgeukia Bi Mwaisha. "Mwenzangu, umesikia? Mikese sitini na nne."

"Nimesikia," alisema Bi Mwaisha. "Mikese ya kwanza tu ulirudi na lori la mkaa. Ya sitini na nne utarudi na nini?"

"Hakuna Mikese angani!" nilisema. Damu ilikuwa imeshanipanda. "Ndege haisimami, Bibi! Ndiyo uzuri wake! Hakuna kushuka, hakuna mahindi, hakuna kuachwa. Mlango ukifungwa Dar, unafunguliwa Toronto!"

Wakati huohuo Zuhura alitokea nyuma ya choo, simu mkononi.

"Na Addis?" aliuliza.

Nilimkonyeza. Hakujali.

"Hashimu, Addis umemwambia?"

"Addis ni nani?" Bibi aliuliza.

"Si mtu, Bibi. Ni Addis Ababa, Ethiopia. Hakuna ndege ya moja kwa moja kwenye tiketi yako. Unatoka Dar, baada ya saa tatu hivi angani, unashuka Addis. Unasubiri saa nne nzima. Halafu unapanda ndege nyingine, hiyo ndiyo inakwenda mpaka Toronto, kama saa kumi na sita. Huyu anapima kama mtu anayevuta uzi kwenye ramani. Ndege haiendi kwa uzi."

"Nilikuwa nitafika hapo," nilisema.

"Ulikuwa utafika lini? Angeshuka peke yake Addis akidhani ni Toronto, aanze kuuliza mtoto yuko wapi!"

Bibi aliweka ungo chini. Hakutukana, hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Alisimama, akafunga kanga vizuri kiunoni, akamwambia Zuhura, "Mke mwenzangu, mwambie Asia anisamehe," akaingia ndani.

Zuhura akaketi kwenye kinu kilicholazwa. "Hongera, malenga."

"Ungenyamaza kidogo tu…"

"Ili iweje? Umdanganye mpaka kwenye ngazi ya ndege?"

"Sikumdanganya! Nilipunguza. Mtu aliyeachwa na basi huwezi kumwambia kuna kushuka tena njiani. Kuna kitu kinaitwa kuchagua maneno, wewe hukijui."

"Kituo chako umekichagua mwenyewe? Sitini na nne?"

Nilitaka kushuka mjini palepale. Kitu pekee kilichonizuia ni kwamba ningepishana njiani na kila mtu niliyemtangazia kuwa leo Bibi anasema ndiyo, na jana nilikuwa nimewatangazia wengi.

Bi Mwaisha alimaliza kufunga tenga lake. "Chausiku!" aliita. "Mimi nateremka. Hutanisindikiza hata leo? Au na mimi umeninunia kwa ajili ya mumeo?"

Kwetu mtu anayeteremka na mzigo husindikizwa mpaka njia panda. Bibi hawezi kuiacha desturi hiyo hata akiwa na hasira. Alitoka bila kunitazama. Nilichukua tenga la Bi Mwaisha nikajitwika, maana mwanamume hawezi kutembea mikono mitupu nyuma ya wanawake waliomshinda hoja. Zuhura akafuata nyuma, anacheka chinichini.

Njia panda yenyewe iko chini kidogo ya nyumba ya mwisho. Njia moja inateremka mjini, moja inapanda msituni kuelekea Lupanga, na moja ndiyo hiyo ya kwetu. Hapo kando kuna jiwe bapa, na karibu yake mawe madogo. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, mji unaonekana chini, mapaa yake ya bati yanametameta.

Bi Mwaisha alisimama. Akatoa kwenye pindo la kanga jani la mpapai alilolikunja, akainua jiwe, akaliweka, akalifunika. "Nimepita hapa, nitapita tena," alisema, haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Kisha akanyoosha mkono nimpe tenga, nikalitua miguuni pake.

Nimeliona hilo tangu nazaliwa. Kila mtu wa kwetu akienda mbali huchuma jani la nyumbani kwake akaliacha njia panda, ili njia imkumbuke na imrudishe. Nimekua nikiona, na sikuwahi kulifikiria hata mara moja, jinsi usivyofikiria kufumba macho.

Bibi alikuwa analitazama jiwe.

"Nililiacha la kwangu hapa siku ile ya Dar," alisema, si kwa mtu yeyote. "Lakini Dar si kama sokoni. Safari ndefu hutaka na jani la katikati ya njia, nami nilikuwa na jingine. Wakati wa kwenda basi halikusimama popote, lilipita kama linafukuzwa. Nikasema basi, nitaliacha wakati wa kurudi, afadhali kuchelewa. Liliposimama Mikese nikashuka. Nikatafuta mahali njia zinapoachana. Pale wamejaza maduka kila upande, jiwe sikuliona. Nikaenda mbele kidogo mpaka nikaona kijia kinaingia mashambani. Nikaweka. Nageuka hivi, vumbi tu."



"Bibi," Zuhura alisema polepole, "mimi nilidhani ulikwenda kujisaidia."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza, ukasema achana nami!"

"Ningesemaje mbele ya dereva wa mkaa? Kwamba nimeachwa na basi kwa sababu ya jani?"

Bi Mwaisha aliweka mikono kichwani, akacheka mpaka ikabidi aegemee ukingo wa njia. "Yarabi! Kuku wangu! Kuku wangu alikuwa anasafiri na jani!"

Bibi naye akacheka kidogo, kisha uso ukarudi. "Ndiyo maana nasema. Mara sitini, mara sitini na nne, mimi sijali. Nimebeba ndizi kutoka hapa mpaka Mjini tangu sijaolewa. Umbali haujawahi kunila. Lakini ndege haina njia panda. Inaruka tu. Mlango unafungwa huku, unafunguliwa kule, mume wangu amesema mwenyewe." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu ungo. "Nitaweka wapi jani? Nisipoliweka, nitarudije? Nifike nimtamkie mtoto jina, halafu nibaki huko kama ile sauti, nalikimbilia jambo lililokwisha kupita?"

Hapo ndipo wazo liliponijia. Nitasema ukweli wangu: lilinijia mimi, kabla ya Zuhura. Hilo hawezi kuninyang'anya.

"Bibi," nilisema, "Addis."

"Addis imefanyaje?"

"Addis watu wanatoka kotekote. Dar, Kilimanjaro, Lusaka, sijui wapi. Wote wanashuka pale. Halafu wanaachana. Huyu anashika ya India, yule ya Uchina, wewe unashika ya Toronto. Bibi, hiyo si njia panda ni nini?"

Bibi alikaza macho. "Wanaachana kabisa?"

"Wengine hawataonana tena maisha."

"Na ndege inasubiri?"

"Saa nne nzima!" Nilizitamka kama mahari. "Mikese ulipewa dakika ngapi? Addis una saa nne. Unashuka, unakunywa chai, unachagua mahali, unaweka jani lako bila haraka, unakaa, unalitazama mpaka uchoke."

"Na atakuwepo mtu wa uwanja," Zuhura aliingia, sasa naye amewaka. "Nimeshaomba. Anakuja na kiti cha magurudumu, anakuchukua kwenye ndege ya kwanza, anakukabidhi kwenye ya pili. Hawezi kukuacha, ndiyo kazi yake. Na angalia." Alifungua simu, akatafuta, akatuonyesha picha ya ukumbi mkubwa wenye watu na mikoba, na pembeni, kwenye chungu kipana, mti wa kijani. "Hapa unaweza kuweka. Kwenye udongo kabisa."

Bibi alishika simu kwa mikono miwili. Aliitazama ile picha muda mrefu kuliko alivyolisikiliza shairi langu.

"Udongo wa kweli?"

"Wa kweli."

"Jiwe?"

"Utachukua kokoto hapa hapa, Bibi. Tena majani ni lazima uyaache Addis. Toronto hawaruhusu majani ya kwingine yaingie kwao. Wanakagua."

Bibi aliinua uso taratibu. "Wanakagua?"

"Ndiyo."

"Basi hata wao wanajua," alisema kwa heshima. "Jani ni la njiani. Halipelekwi mwisho wa safari."

"Wazungu wanajua!" Bi Mwaisha alishangaa. "Wamejulia wapi?"

Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikaweka mkono kifuani.

"Kituo cha shairi nimekibadilisha," nilisema. "*Adisi ni njia panda, weka jani uondoke.*"

Bi Mwaisha alitikisa kichwa kama anayeonja chumvi. "Hilo sasa ni shairi. Lile la kwanza lilikuwa nauli."

Bibi alimrudishia Zuhura simu, akapanda njia ya nyumbani kwa mwendo ambao sisi wawili vijana tulishindwa kuufuata. Tulibaki pale na Bi Mwaisha, hatujui kama amekwenda kufunga begi au kufunga mlango. Jua lilikuwa limetoka. Simu ya Zuhura ikatetema. Ilikuwa mama mdogo Asia. Zuhura akaitazama, akanitazama, hakupokea.

"Pokea," nilisema.

"Nimwambie nini?"

Bibi akatokea kwenye kona. Mkononi alikuwa na majani mawili ya mpera wa uani, yamenyooka, yana umande bado. Moja alilifunga kwenye pindo la kanga pamoja na kokoto. Jingine akabaki nalo.

"Mwambie Asia amwambie Mgeni akae tayari," alisema. "Jina lake linakuja. Litapitia Addis."

Zuhura alipokea simu akipiga kelele, na huko Toronto, ambako jua lilikuwa bado halijachomoza, tukasikia kelele nyingine, kisha mtoto akaamka akalia. Bibi aliinamisha kichwa akasikiliza kilio hicho mpaka kikatulia. "Mapafu anayo," alisema. "Ya kwetu."

Kisha akanigeukia, na jani lile la pili.

"Hili litakaa hapa. Lakini mimi nakaa huko miezi mitatu, mume wangu. Jani la mpera miezi mitatu linakuwa unga. Njia itanikumbuka kwa unga?"

Nikaanza kuona ninakopelekwa.

"Litabadilishwa," nilisema. "Bi Mwaisha yupo hapa hapa…"

"Mimi ni mtani," Bi Mwaisha alidakia. "Nitaweka jani la pilipili."

"Basi nitakuja mimi. Nikipata pikipiki…"

"Pikipiki!" Bibi aliniinulia kidole. "Jani la njia panda liletwe na pikipiki? Njia itamkumbuka nani, mimi au dereva? Kwa miguu. Kutoka Mjini mpaka hapa. Na usije na rangi zako ukaandika kitu kwenye jiwe."

Nilitazama chini. Mji ulikuwa mbali kweli. Wima wote ule, na jua la Morogoro mgongoni, kila wiki. Ndege inapita juu ya Lupanga kabla hujamaliza kukohoa, nami hapa nitakuwa natoa jasho kutoka soko hadi jiwe. Zuhura alikuwa ameshusha simu ili mama mdogo asikie. Bi Mwaisha alikuwa ameketi kando ya tenga lake. Wote walikuwa wananisubiri, na mimi si mtu wa kusubiriwa nikakosa neno.

Bibi aliinua jiwe, akaweka jani, akalifunika. Nikapiga goti kando yake, nikaweka kiganja juu ya jiwe.

"Bibi," nilisema, kwa sauti ambayo hata Kanada walisikia, "kila Ijumaa nitapanda kwa miguu yangu, nitachuma jani la mpera wako, nitaliweka chini ya jiwe hili, mpaka siku utakaporudi uliondoe kwa mkono wako mwenyewe."